Muhuri wa Kiazi Uliosema Kinyume

Sisi tuliokulia Ruwais, kule Jedda, Saudia, tulijua Siku ya Taifa imekaribia mama akianza kutukataza kumaliza viazi. Vingine vilikuwa vya mihuri ya kadi za sikukuu. Kalenda ilisema joto la kiangazi limekwisha. Ruwais haikuwa na habari hiyo, jasho lilitutoka hadi vidoleni.

Shule yangu haikufika mbali na huenda nachanganya mengine, lakini hili la kadi nalikumbuka. Mama, mtu wa Mombasa, alikuwa fundi wa kuchora hina, na mkono ule ule ndio ulioshika kisu. Kiazi alikikata nusu, akachonga herufi, akakigusisha kwenye sifongo lenye rangi ya kijani ya keki, kisha akakikandamiza kwenye karatasi ngumu. Bamia iliyokatwa ilitoa ua yenyewe, bila kuchongwa. Mikono yetu ilibaki kijani siku tatu, nasi tukatembea nayo mtaani kwa maringo.

"Muhuri ni kioo, wanangu," alikuwa akisema. "Uchonge kinyume upate kusomeka sawa."

Mwaka ule wanawake ndiyo kwanza walikuwa wameruhusiwa kuendesha gari. Baba alikuwa mpishi kwenye mkahawa mmoja wa Sulimaniyah, Riadh, na hatukuwa tumemwona tangu Ramadhani. Mwenye mkahawa, madam mmoja, alikuwa akisita kumpa ruhusa ya sikukuu. Simlaumu, siku hiyo ndiyo wateja hufurika. Mama akasema, "Anayeomba hutanguliza asante." Basi madam apelekewe kadi, nami nikapewa kazi ya kuchonga neno moja kwa Kiarabu: shukran.

Hapo nikajifanya mjuzi. Nikajiambia, Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo chenyewe kimeshageuka. Nikikigeuza tena nitakiharibu. Nikachonga vile vile kinavyoandikwa. Nikagonga muhuri. Dada yangu Zuhura akaangua kicheko.

"Wee! Umemwandikia madam au jini?"

Karatasi ilikuwa ya mwisho, na jirani wa kuipeleka Riadh alikuwa ameshawasha gari. Nikalia, maana niliona nimemfungia baba njia kwa mkono wangu mwenyewe. Mama akaitazama kadi, akagonga ua la bamia pembeni, akaitia kwenye bahasha.

"Iende hivyo hivyo. Kosa lenye adabu halimtukani mtu."

Kesho yake jioni baba akapiga simu. "Mmemwandikia nini madam? Kaigeuza huku, kaigeuza kule, hola! Kaingia nayo garini, ndipo akaisoma kwenye kile kioo cha kutazamia nyuma. Kacheka mpaka tukatoka jikoni. Kaniambia, 'Yalla, Omari, siku tatu. Halas.'"

Siwezi kuapa kwamba ni kadi iliyomleta. Baba alikuwa mchapakazi, na pengine madam alikuwa ameshaamua. Sitaki kukipa kiazi sifa ya mtu. Ninachojua ni kwamba baba alifika na mfuko wa tende, akala wali wa mama sahani mbili, halafu akatoa bahasha kutoka kwa madam.

Ndani mlikuwa na kadi ya kijani. Tukaitazama, hatukuelewa kitu. Zuhura ndiye aliyeshtuka kwanza. Tukakimbilia kioo cha bafuni tukisukumana, na pale neno likanyooka: *afwan*, yaani karibuni, jibu la shukran. Madam, mwenye mkahawa wake na gari lake, alikuwa amekaa akaandika kinyume kwa ajili yetu.

Siku hizi sikukuu ikifika wadogo zetu hutuma kwa simu ua linalometameta, kidole kimoja, watu hamsini, na aliyetuma hakumbuki alimtumia nani. Niseme kweli, nami hutuma. Maua hayo yanafika papo hapo, na hayana kosa hata moja. Lakini sijawahi kulikimbilia kioo kwa sababu ya ua la simu.