Tangi la Tyubu za Lori

Harufu ya solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka vya tyubu, bado hunisimamisha njiani. Juzi nilipita penye kibanda cha pancha hapa Kambu, fundi akafungua mkebe wake, nami nikajikuta nimeegemea ukuta kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Nina nywele za mvi. Wacha nikueleze.

Baba alikuwa akiziba pancha za malori kando ya barabara ya Mombasa. Tyubu zilizokataa viraka alizileta nyumbani, akazipasua, akazisugua na kuzigundisha moja kwa nyingine, hadi akapata shuka la mpira mweusi lililozidi sakafu ya chumba chetu. Alitaka kufuga samaki. Kwa kuwa kiwanja chetu kilikuwa mwamba na hakichimbiki, tangi lilipaswa kusimama juu ya ardhi: sanduku la mbao lililonizidi kimo, na lile shuka ndani yake.

Majirani walicheka. Wakamba wengi wa kwetu siku hizo hawakula samaki.

"Baba Mwende, sasa unafuga nyoka wa maji?"

"Mwende akiota mkia, usituite!"

Mama Halima peke yake hakucheka. Alikuwa na duka la vitambaa na watu wake walitoka Pwani. "Wakikomaa niletee mimi," alimwambia Baba. Kisha akalitazama tangi. "Lakini hizo mbao zimekazwa sawasawa?"

"Zimekazwa, Mama Halima."

Alikuwa amezikaza kama alivyofunzwa na babu kujenga ikumbi, ghala la mahindi: mbao zenye nafasi katikati, na kamba nene za katani zikizungushwa juu. "Ghala hupasukia shingoni," alipenda kusema. Chini aliacha misumari tu.

Mvua ililijaza tangi kutoka kwenye paa, na vifaranga vya samaki vikatiwa. Kati ya tangi na ukuta wa udongo wa nyumba palikuwa na uchochoro mwembamba. Pale palikuwa na ubaridi ambao hukuupata kwingine Kambu mchana, na hapo ndipo Mama alipomtandikia mkeka mdogo wangu, Ndinda, ambaye alikuwa hajaanza kutembea.

Mimi ndiye niliyesikia kwanza. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayejivunja vidole. Niliweka kiganja kwenye ubao wa chini nikaukuta umetoka tumbo. Nikamwambia Baba. Alipapasa pale nilipopapasa.

"Mbao huongea, Mwende. Hata ghala huongea."

Akaongeza kamba. Juu. Kila lilipolia, aliongeza kamba juu, na kila alipoongeza, lilirudi kulia. Mama hakupata kuisikia. Nilianza kuogopa saa za mchana jinsi watoto wengine wanavyoogopa giza. Nilikula nimesimama ili nione mkeka. Nilipomhamishia Ndinda juani, alilia, na Mama akamrudisha. "Huyu anaogopa samaki," aliwaambia majirani, nao wakapata la kuchekea.

Siku hizo Baba alianza kufunga kibanda adhuhuri na kuja kuketi uchochoroni kando ya Ndinda, mgongo kwenye tangi, miguu ameikita ukutani, kofia usoni. "Tajiri anajipunga kwa samaki wake!" walimtania. Nilimwonea aibu. Niliona ni majivuno, tena mahali pa hatari.

Adhuhuri moja, Mama akiwa ameenda mtoni na punda, ubao wa chini ulilia kwa sauti ya mti unaovunjwa. Kofia ilianguka. Uso wa Baba ulikuwa na rangi ya majivu, lakini mgongo haukusogea.

"Mtoe Ndinda."

Nilimbeba hadi mlangoni, nikarudi kumvuta Baba mkono.

"Usinivute! Nikiondoka linakuja lote. Chukua kisu cha tyubu. Zunguka upande wa barabara, ukate mpira."

"Samaki, Baba?"

"Kata, mama! Kata!"

Nilipenyeza kisu kati ya mbao. Mpira ulikuwa mgumu, nikakilalia kisu kwa uzito wangu wote. Kisha maji yalinipiga kifuani. Yalibubujika na samaki ndani yake, na ardhi ile kavu ikayanywa mbele ya macho yangu. Niliporudi uchochoroni, Baba bado alikuwa ameikita miguu, ingawa tangi lilikuwa limeshalegea. Mama Halima alikuja na beseni kuokota samaki. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Baadaye, kwa kujisomea, nilijifunza kwamba maji si mahindi: husukuma zaidi chini. Kamba zote zile zilifunga mahali pasipouma. Kwa muda mrefu niliamini hilo ndilo somo lote.

Kisha Baba alipofariki, tulibomoa nyumba ya zamani. Kwenye ukuta wa uchochoro, usawa wa magoti yangu, niliona mashimo mawili yamekaa sambamba, laini kama ndani ya bakuli. Niliingiza ngumi, zikatoshea na nafasi ikabaki.

Udongo ulioshindiliwa na kukauka hauchimbwi na visigino vya mtu kwa mchana mmoja.