Nyaya za Chumba cha Mama Mkwe

Mume wangu Sixte ni fundi umeme, na namba hazipendi. Katika kambi ya wakimbizi alikokulia aliitwa kwa namba ya kadi miaka mingi, kwa hiyo ukimwambia aandike "chumba cha kwanza, chumba cha pili" ananuna kama mtoto aliyenyimwa chai. Kila waya aliufunga kipande cha plasta na kuandika jina la anayelala humo. Bosi wake wa Jordbro, hapa ughaibuni, alimkanya mpaka akachoka. Mimi nilikuwa nikicheka tu.

Majira ya baridi ya 2013 alikuwa akimfungia rafiki yetu Gilles, Mrundi mwenzetu wa Tumba, vidhibiti joto vya kisasa vinavyoongozwa kwa simu. Nyumba ile hupashwa na maji moto yanayopita chini ya sakafu, kila chumba na bomba lake, na kidhibiti chake ukutani. Novemba Sixte aliyawekea mabomba majina: la chumba kikubwa "Gilles", la kidogo "Mama", maana mama mkwe wa Gilles alitarajiwa kutoka Bujumbura kuja kulea mjukuu. Januari akarudi kuvuta nyaya za vidhibiti. Gilles akawa anazisukuma kutoka kila chumba akitaja jina la anayelala humo, yeye akaziandika kwenye kabati la mabomba, akaunganisha Gilles na Gilles, Mama na Mama, akaja nyumbani akipiga mluzi.

Jumapili tukitoka kanisani Flemingsberg, simu ikalia garini. Sixte akaifungulia sauti.

"Ndugu, chumba chetu ni barafu," alisema Gilles. "Tangu jana napandisha joto, wapi!"

"Na kwa mama?"

"Simu inaonyesha nyuzi thelathini na nne. Nikajua kapandisha mwenyewe, yeye ni mtu wa Bujumbura. Amelala na mtoto."

"Chumba kipi?"

"Kikubwa. Alipofika tulimpa, sisi tukahamia kidogo. Mama mkwe utamlaza kwenye kidogo?"

Uso wa mume wangu ukabadilika. Majina ya mabomba yalikuwa ya Novemba, ya nyaya yalikuwa ya Januari, na katikati watu walikuwa wamebadilishana vyumba. Kila Gilles alipojipandishia joto, bomba la chumba kikubwa ndilo lililofunguka: alikuwa anampika mwanawe. Mtoto mwenyewe alizaliwa kabla ya siku zake, na bibi yake hakuwahi kumlaza bila kofia na blanketi mbili.

"Gilles, zima kila kitu! Mtoe mtoto humo!"

Tukasikia akibisha. "Mama, hodi! Mama!" Kisha mlango ukafunguka, ukafungwa haraka.

"Siwezi kuingia. Mke wangu Colombe yuko dukani, nimngoje. Mama amelala... joto limemfanya avue nguo. Ni mkwe wangu, Sixte!"

Nilimwelewa, na nilitamani kumzaba kofi. Roho ilikuwa mkononi. Nikamfokea maneno ambayo mtu hamwambii rafiki wa mumewe.

"Fumba macho," Sixte akasema kwa sauti nisiyoijua. "Fumba macho uingie kwa kupapasa."

Tukasikia nyayo, kiti kikianguka, pumzi za Gilles.

"Ninaye. Ni wa moto. Amelegea, Sixte, hafumbui macho!"

"Mvue! Mpeleke kwenye chumba cha baridi!" nikapiga kelele, huku nikiita ambulansi kwa simu yangu.

Sixte alikuwa anaendesha kuelekea Tumba. Halafu mtoto akalia, kilio chembamba, na mimi nikalia kumzidi.

Tulipofika tukawakuta watu wa ambulansi wamempima, wanasema amewahiwa. Gilles alikuwa sakafuni, mtoto kifuani. Mama mkwe, amejifunga kitenge hadi shingoni, alinivuta jikoni.

"Kile kiti kiliniamsha," akanong'ona. "Nilivyomwona amefumba macho vile, nikajifanya nimelala. Usimwambie."

Sixte nilimkuta amepiga magoti mbele ya kabati la mabomba, anabandua majina.

"Nishikie taa, Annick," alisema.

Nikamshikia. Akaandika namba moja. Akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaandika mbili.