Sikio Zima la Jafar

Mishi wa Mtongwe ana macho, msimwone hivi. Miaka kumi na miwili anaishi kwa kamera, na alianzia pale ambapo mwanamume haingii: harusi za wanawake, milango imefungwa, mabuibui yamevuliwa. Huko ndiko alikojifunza kutazama. Nani amemnunia nani, wifi gani acheka kwa meno tu, nani kaja na shari yake mkobani. Baadaye akaingia kwenye matangazo ya biashara, akawa mwongozaji, na waigizaji kutoka Likoni mpaka Kisauni wakamjua kwa jambo moja: ukipewa alama ya kusimama, simama hapo. Huwezi, rudi kwenu.

Aliyemshinda ni mumewe, Jafar, karani wa ghala la makontena kule Changamwe. Sura anayo, sauti anayo, lakini mweke mbele ya kamera uone vituko: mikono yaganda ubavuni, shingo yakauka, macho yamtoka pima. Mishi alimjaribu mara tatu, akaapa wallahi hatarudia.

Sasa asubuhi hiyo mambo yaliharibika yote kwa pamoja. Kazi ilikuwa tangazo la majiko ya gesi ya Bwana Kadenge, mwenye duka Likoni. Dukani stima ikakatika, Mishi akaamua wapigie picha jikoni kwake mwenyewe. Mwigizaji wa kiume, Abdulaziz, akapiga simu kusema ameamka macho yamevimba, hayafunguki. Na Kadenge alishafika na jiko jipya juu ya pikipiki, hasira tele. Ikabidi Jafar, aliyekuwa ndiyo kwanza arudi kutoka zamu ya usiku, avishwe shati safi awe mume wa kwenye tangazo.

Mke alikuwa Swabra wa Jomvu Kuu. Mishi alishafanya naye kazi mara nne, za sauti na za picha, na kwa kweli alimpenda. Humwambii jambo mara mbili. Ila kila alipomwalika nyumbani Mtongwe, Swabra hakosi udhuru. Leo alielekezwa kwa simu mpaka mlangoni, akavua viatu, akainua macho, akamwona Jafar. Akayashusha upesi.

"Huyu ndiye mume wangu," Mishi akasema kwa mzaha. "Leo nakuazima, jioni unirudishie."

"Shikamoo, shemeji," Swabra akasema, akiitazama sakafu.

Jafar aliitikia kwa kikohozi. Mishi aliliona hilo, akaliweka moyoni. Labda ni haya tu.

Akamfunga Swabra leso yake mwenyewe, akabandika kipande cha selotepu nyekundu sakafuni, upande wa kushoto wa kiti cha Jafar, pale mwanga wa dirisha ulipopiga vizuri. "Wewe hapa. Unammiminia chai, unainama, unamwambia polepole, 'Leo chai imewahi, baba.' Basi."

Mara ya kwanza Swabra akamimina chai, akazunguka nyuma ya kiti, akainamia upande wa kulia.

"Kata! Swabra, alama."

"Nisamehe, dada Mishi."

Mara ya pili, yale yale. Mara ya tatu alianza vyema, miguu yote miwili juu ya selotepu, lakini lilipofika lile neno la kusema, huyoo, kazunguka kulia tena.

Mishi akainua jicho kutoka kwenye kamera. Maana Jafar sikio lake la kushoto limekufa. Limekufa tangu utotoni, kwa maradhi, na jinsi anavyolionea haya! Kazini hawajui. Barazani hukimbilia kiti cha mwisho ili watu wote wabaki kulia kwake, nao wadhani ni adabu. Mishi mwenyewe, mke wa ndoa, ilimchukua mwaka mzima kugundua, na hata hapo aliambiwa na mama mkwe. Mtu wa kumzunguka Jafar bila hata kufikiri, akamsemeze sikio zima, ni mtu aliyemzoea. Si wa jana huyo. Ni wa kulalia mto mmoja.

Akajisuta. Huenda ni jua la dirishani lamuumiza macho. Akaibandua selotepu, akaihamishia kulia. Picha iliingia kivuli, na iwe. "Haya, jaribu hapa."

Swabra akasimama juu ya alama, hakusogea hata unyayo. Na Jafar, yule gogo! Kwenye kioo kidogo cha kamera mabega yalikuwa yamelegea, uso umemlainika.

"Lo, hawa mke na mume kabisa," Kadenge akasema. "Mama, umewafunza vipi?"

"Ndiyo kazi yangu," Mishi akajibu, amejikaza kisabuni.

Mara simu ya Swabra ikalia mkobani. Akaomba radhi, akasoma ujumbe, akashusha pumzi ndefu. Jafar alikuwa amtazama, shingo mbele, na Mishi akakumbuka kwamba tangu alipoingia kutoka kazini alikuwa akiifungua simu yake na kuilaza kifudifudi. Hapa pana jambo, na jambo lenyewe si dogo.

Ndipo shetani akampa fikra, ama malaika, Mungu ndiye ajuaye. "Ya mwisho," akasema. "Hii ni picha tu, sauti nimezima, msimulizi atazungumza juu yake. Swabra, simama upande upendao. Mnong'oneze lolote, nataka mcheke."

Akaivua maiki ya Swabra kwa mkono wake, mbele yao wote, akaiweka mezani. Ile ya Jafar, iliyobanwa ndani ya shati, hakuigusa. Akavaa hedifoni.

Swabra akamimina chai, akainama kulia.

"Homa imeshuka." Sauti iliingia masikioni mwa Mishi, safi kabisa. "Mama amempa uji, ameumaliza. Amuulizia baba'ke tu."

Jafar akacheka. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, macho yakamlowa, mkono ukainuka wenyewe ukashika ncha ya ile leso. Miaka tisa ya ndoa, miaka tisa ya Mishi kuzunguka kwa madaktari na mashehe akitafuta mtoto, na hajapata kumwona akicheka hivyo.

"Hapo! Hapo hapo!" Kadenge akapiga makofi. "Hiyo usiitupe!"

"Kata," Mishi akasema, lakini hakuizima kamera. Ilimuuma, jamani, ilimuuma kweli. Akaivua hedifoni, akaiweka juu ya jiko jipya, akamwendea mumewe kwa kushoto.

"Nimesikia," akamwambia.

Jafar hakugeuka, alikuwa bado atabasamu. Aliyesikia ni Swabra, na chai aliyokuwa akimimina ikakikosa kikombe, ikamwagika mezani.

Mishi akazunguka kiti polepole, akainama upande wa kulia.

"Mtoto aitwa nani?"

Mikono ya Jafar ikaganda ubavuni, shingo ikakauka, macho yakamtoka, na ile taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa bado yawaka.