Jinsi Mama Germaine Alivyovuka Tena

Germaine Lisungi ni mshonaji wa Lubunga, kwenye ukingo wa kushoto wa mto Kongo. Kwa miaka kumi na minane wateja wake wengi wameishi ng'ambo, Makiso, na hilo halikumsumbua. Mara tatu kwa wiki alifunga nguo ndani ya plastiki, akapanda mtumbwi, akazigawa, akachukua vipimo vipya, akarudi kabla ya saa sita kumpikia mumewe Noël lituma, ndizi za kupondwa. Wazazi wake walikuwa watu wa mto kutoka Isangi. Mama yake alipenda kusema kwamba Germaine alijua kukaa kwenye mtumbwi kabla ya kujua kutembea.

Kisha, asubuhi moja ya msimu wa mvua, mtumbwi wake uligongwa na gogo lililokuwa likielea, ukapinduka. Wavuvi waliokuwa karibu waliwatoa watu wote majini, hakuna aliyekufa. Germaine alifika nchi kavu akiwa na kiatu mkononi, tena kisicho chake. Jioni alilisimulia jambo hilo mwenyewe, majirani wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kila mtu alidhani limekwisha.

Wiki iliyofuata alifika kivukoni na mzigo wake, akasimama. Hakuweza kusonga mbele. Moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa fupi kama ya mtu aliyepanda mlima. Alirudi nyumbani akamwambia Noël kwamba alisahau mkasi. Safari iliyofuata alisahau uzi. Baada ya mwezi hakuwa tena na kitu cha kusahau, akaacha kwenda.

Noël, fundi wa reli, akawa mjumbe wake. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote na kwa aibu nyingi. Aliona haya kuwazungushia akina mama futi ya kupimia, kwa hiyo aliwapa kamba wajipime wenyewe na kufunga fundo, kisha akazileta kamba zote mfukoni. Zilipovurugika, kiongozi wa kwaya moja alipata blauzi iliyowatosha watu wawili. Mama yule aliivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Bon, nitanenepa."

Binti yao Benie alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akiishi kwa shangazi yake Makiso. Jumapili moja mwezi wa sita alivuka kuwasalimia wazazi.

"Mama, collation iko mwezi wa nane. Siku ile watatupatia diploma. Utakuya?"

"Nitakuya," alijibu Germaine, macho kwenye cherehani.

Benie alikuwa ameisikia sauti hiyo mara nyingi. Alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa na kuiweka mezani. Ilitoka kwenye kabine, yaani ofisi, ya Madame Nuru Asumani, mwanasaikolojia. Pande zote mbili ilijaa Kifaransa kirefu.

"Mimi siko kichaa," alisema Germaine.

"Hakuna mutu alisema vile."

"Alors batu banaenda kule kufanya nini?"

Benie mwenyewe hakujua vizuri. "Piga simu, uwaulize," alisema.

Karatasi ilikaa pale siku nne. Siku ya tano Germaine alikosa karatasi ya kukatia kielelezo cha kola, akaichukua hiyo. Alipomaliza kukata, kipande kilichobaki kilikuwa kile chenye namba ya simu. Aliitazama namba kwa muda, akaweka mkasi chini, akapiga.

Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Édouard. Sauti yake ilikuwa nyembamba na nyepesi, nayo ilimpa Germaine ujasiri.

"Mutoto wangu," alisema, "niko na maulizo mingi."

"Uliza yote, mama."

Aliuliza kama lazima aje na shuka, sufuria na mtu wa kumlinda, kama watu wafanyavyo wakienda hospitali.

"Hapana. Hapa hatulazi mutu. Unakuya, unaketi, munaongea na Madame karibu saa moja, unarudi kwako."

"Na sindano?"

"Hana sindano. Dawa pia hatoi. Akiona ya kwamba iko lazima ya dawa, atakutuma kwa munganga wa hospitali na kukueleza juu ya nini."

"Na pasta wangu atajua?"

"Hata mimi sitajua, mama. Mimi ninaandika jina na saa tu."

Kisha, kabla hajaulizwa, alimtajia bei, na kumwambia kwamba ikiwa nzito watu huzungumza na Madame bila aibu. Swali Germaine alilopigia simu lilikuwa bado mdomoni.

"Mutu mwenye kuogopa mto," alisema mwishowe, "atafika namna gani kwenu, na nyinyi muko ng'ambo?"

Édouard hakucheka. "Tuko na batu ba simu. Kuko mumoja anapiga toka Barumbu kila wiki. Tutaanza vile. Nikuandike siku ya mbili, saa ine ya asubuhi?"

Siku hiyo ya Jumanne Germaine alioga, akavaa kitenge chake cha Jumapili na hereni, akaegemeza simu kwenye cherehani na kuketi wima mbele yake. Noël alipita, akamwangalia.

"Unangojea nani?"

"Simu."

Noël alitoa kiti nje, akaketi mlangoni kuwarudisha wageni.

Madame Nuru aliongea Kiswahili cha watu wa Maniema, taratibu. Kabla ya kuuliza lolote alimwambia kwamba maneno yake yatabaki kati yao wawili, isipokuwa kama maisha yake au ya mtu mwingine yako hatarini. Hapo atatafuta msaada, na atamwambia Germaine kwanza. Germaine anaweza kukataa swali. Anaweza kusema sikuelewa. Anaweza kuacha siku yoyote na asidaiwe maelezo.

"Sasa niambie, mama. Ungependa tufike wapi?"

"Makiso," alijibu Germaine.

Upande wa pili wa simu Madame alicheka, Germaine naye akacheka, na mabega yake yakashuka kidogo.

Walikubaliana hatua ndogo ndogo. Wiki ya kwanza Germaine alikwenda na Noël hadi pale barabarani mto unapoanza kuonekana, basi. Kazi yake ilikuwa kusimama hapo mpaka moyo utulie, asikimbie ukiwa bado unapiga, kisha kuipa hofu yake namba, kutoka sifuri hadi kumi. Siku ya kwanza alisema tisa. Siku ya nne alisema tano, kisha akamwambia Noël kwamba shati lake lina kifungo kilicholegea. Noël alielewa kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Wiki ya pili aliketi kivukoni kati ya wauza mihogo. Wiki ya tatu Madame Nuru alivuka kuja Lubunga, wakaketi wawili kwenye mtumbwi uliofungwa kwenye nguzo, wakila karanga. Alikuwa mwanamke mfupi, kilemba cha kijani, na boya la kuvaa kifuani ambalo hakulivua hata pale ukingoni.

"Mimi sijui kuogelea," alisema. "Nilikulia Kindu, mto uko palepale, na sijui. Donc ninavaa hii, wanaotaka kucheka wanacheka."

Wiki ya nne mambo yaliharibika. Mtumbwi ulikuwa umejaa na mpiga kasia ameshausukuma, Germaine akasimama ghafla, akashuka ndani ya maji yaliyofika magotini na kurudi nchi kavu. Abiria walinung'unika. Alifika nyumbani amelowa, akapiga simu.

"Édouard, mutoto wangu, futa jina yangu."

"Ninaweza kulifuta, mama, iko haki yako. Lakini batu mingi banarudi nyuma kidogo katikati. Madame alishaniambia niseme vile kwa kila mutu. Nikuandike siku ya ine, na siku yenyewe ukatae kama unataka?"

"Andika," alisema Germaine.

Alhamisi hiyo, kwenye simu, hawakuzungumza habari za kuvuka. Madame alimwomba asimulie siku ya ajali, na Germaine akaanza kama kawaida yake, na kiatu, na vichekesho. Katikati akaacha vichekesho, akasema jambo ambalo hata Noël hakuwahi kulisikia: kwamba chini ya maji mkono wa mtu ulimshika mguu, naye aliupiga teke mpaka ukaachia. Hakujua ni mkono wa nani. Tangu siku hiyo, kila alipoutazama mto, aliuhisi mkono ule.

Alilia. Madame alimwacha alie, hakuharakisha.

"Na watu wote walitoka?" aliuliza baadaye.

"Wote."

"Hata mwenye mkono ule."

"Hata yeye."

"Mguu wako haukuchagua kumwumiza mtu, mama. Ulitaka hewa. Yeye naye alitaka hewa. Mlipata nyote wawili."

Germaine alikaa na maneno hayo siku nzima. Wakati wa kula alimweleza Noël, na Noël akasema kwamba yeye angepiga teke mara mbili.

Jumanne iliyofuata alivuka. Aliketi katikati ya mtumbwi, boya kifuani, Madame mbele yake. Kwenye kina namba ilipanda hadi nane, akaisema kwa sauti, na mama mmoja mwenye kuku akauliza nane ya nini. Germaine akamweleza. Walipokaribia Makiso, mama yule aliuliza mwenyewe, "Na sasa?"

"Tatu," alisema Germaine.

Aliomba waende moja kwa moja kwenye kabine. Mezani, nyuma ya daftari, aliketi mzee wa mvi tupu, miwani puani.

"Ninatafuta Édouard," Germaine alisema.

"Ni mimi, mama."

Kwa wiki sita Germaine alikuwa amemwita mutoto wangu mwalimu mstaafu mwenye wajukuu wanane. Alianza kuomba msamaha, lakini mzee alimkatiza.

"Uendelee tu. Toka mama yangu alikufa, hakuna mutu aliniita vile."

Siku ya collation Germaine na Noël walivuka mapema mno, wakapata viti vya mbele. Jina la Benie liliposomwa, Noël alisimama peke yake katika ukumbi mzima, na Germaine hakumvuta aketi.

Siku ya mwisho ya vikao vya kila wiki, pale kwenye kabine, mzee Édouard alilalamika kwa furaha kwamba kila siku watu wapya humpigia na maswali yaleyale: shuka, sindano, pasta. Germaine alijitolea kurekodi majibu kwa sauti yake kwenye simu, kwa Kiswahili na Lingala, watu hao watumiwe kabla ya siku yao ya kwanza. Madame alimuuliza mara mbili kama anakubali kweli, akamwambia si lazima ataje jina. Alilitaja.

"Mimi ni Germaine wa Lubunga, mushonaji," anasema humo. "Usibebe shuka. Ukuye na maneno yako tu, hata kama hayajapangwa. Wiki ya kwanza utaona sawa vile hakuna kitu kimebadilika, hapana kukata tamaa. Ukilia, hakuna mutu atashangaa. Na kama unaogopa kufika, anza na simu."

Siku hizi huongea na Madame mara moja kwa miezi miwili. Huvuka na nguo zake kama zamani, isipokuwa mawingu yakiwa mazito. Hapo hungoja, na wateja nao hungoja. Mwezi ujao yeye na Noël watashuka mto hadi Yanonge kumwona dada yake, safari ya saa nyingi. Ameshamtuma Noël akawaambie watu wa chombo kwamba anataka kiti cha kando, pale mtu anapoona maji vizuri.