Ngiri ya Bayuo na Daktari Mtani

Hebu mwone Bayuo anavyoingia hospitalini Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana: miguu kaitanua kama mtu aliyebana tikiti maji mapajani, na nyuma yake mkewe Antuma, mpika pombe ya mtama, na mkeka kichwani. Uvimbe uko kinenani. Kijijini kwao walishaupa jina: ngiri. Mpiga marimba kama yeye, anayejitwisha ala ile nzito ya mbao kila msiba, atakosaje ngiri?

Daktari Akolgo ni Mfrafra, Bayuo ni Mdagaaba. Ni watani tangu enzi za mababu, jamani, utani usioheshimu hata maiti.

"Karibu, mtumwa wangu! Umeiba boga la nani ukalificha humo?"

"La mama yako. Likate upesi, nina misiba ya kupigia."

Akolgo akamwambia akohoe, uvimbe haukutikisika. Akamlaza chali, haukurudi ndani. Akampeleka kwenye mashine ya kupiga picha ya tumbo, na huko kicheko kikamwisha.

"Bayuo, hii si ngiri. Kuna uvimbe mkubwa umeota ndani ya tumbo. Huu wa kinenani ni mkia wake tu. Tusipokupasua tumbo wiki hii, utakufa."

Bayuo akacheka mpaka akashikilia kitanda. "Antuma, umemsikia? Anataka kunifungua tumbo amtafute mbwa wake anayedai nilimla!"

"Sikutanii."

"Ndivyo ulivyosema tulipomzika mjomba, kisha ukaingia kaburini ukalala wewe!"

Akaitwa muuguzi athibitishe: Mfrafra. Mpiga picha: Mfrafra. Mfagiaji akaapa kwa jina la mama yake, Mfrafra naye. Kila kiapo kikazidi kumchekesha Bayuo, mwisho akaanza kuvaa suruali aende zake.

Antuma akaziba mlango. "Daktari, mtukane mume wangu."

"Nini?"

"Mtukane. Kama huu ni utani, huwezi kukosa la kusema."

Akolgo akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama sakafu.

Suruali ikamponyoka Bayuo mkononi. Akakaa kitandani.

Siku ya kupasuliwa, akiwa tayari mezani, akaushika mkono wa daktari wenye glavu. "Sichomwi sindano ya usingizi mpaka unitukane. Sitaki kupasuliwa na mtu anayenihurumia."

Watu wote wanangoja. Akolgo macho yamemlowa juu ya barakoa, na Antuma yuko nje ya mlango, ametega sikio. Wewe mwenzangu, ungemtukana tusi gani?