Maneno Thelathini Yenye Mkia Mmoja

Aibu hii nimeikalia miaka ishirini na zaidi, na kama naitoa leo ni kwa kuwa walioiona karibu wote wameshakwenda, wengine kwa ndui, wengine walibebeshwa mizigo ya vita vya Wajerumani wasirudi, nimebaki mimi, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa Abdalla Karani, ambaye huisimulia mpaka leo huku akijipiga mapaja (Mungu anamwona).

Wa kwanza kulaumiwa ni Yohana wa Rabai. Alisoma misheni, akaja kwetu Takaungu kufanya useremala, nami nikawa nampelekea madafu ili anifundishe Kiingereza. Chuo cha Kurani nilikuwa nimefika juzuu ya tatu tu nikatoroka, kwa hivyo naye aliona upesi kwamba hapa hapana mwanafunzi, akanipa njia ya mkato.

"Kiingereza, ndugu yangu, kina mikia," akanambia. "Maneno ya wakubwa mengi huishia sheni. Wewe shika mkia, ng'ombe atakuja mwenyewe."

Akanitajia thelathini, nikayaandika kwa herufi za Kiarabu, kila neno na maana yake: petisheni, maombi kwa mkubwa, posesheni, milki, rilesheni, ujamaa, eksplanesheni, maelezo, salvesheni, wokovu (hili niliambiwa ni la kanisani, nikaliruka). Alasiri nilikuwa nikiyasoma uani kwa sauti, na mama yangu, Bi Mwanaidi, mjane, huku akisuka ukili wake, husema, "Mashaallah, mwanangu ana ulimi wa Kizungu." Yohana hakutwambia kwamba mtu aweza kubaki na mkia mkononi na ng'ombe yuko mbali anakula majani.

Basi mwaka ule serikali ikatangaza kila mwenye shamba aje alidai, na asiyedai asilie. Mzungu wa mashamba akapiga hema Takaungu, Abdalla akiwa karani wake. Mama alikuwa na minazi aliyoachiwa na babake, na makaburi ya wazee wake yako humo humo, lakini jirani yetu Masudi bin Shehe alikuwa ameandikisha ardhi ile ile kuwa yake. Hati mama hakuwa nayo. Alikuwa na mashahidi wawili, Mzee Kombo na Mwinyi Hamadi, waliochimba mashimo ya minazi ile pamoja na babu. Na Mzungu yule alikijua Kiswahili, zingatieni hapo, kila mtu alisema Kiswahili chake akasikizwa.

Mimi nilikuja na kanzu imepigwa pasi, mji mzima umekaa mikekani, jina la mama likaitwa, akainuka, ndipo nikamshika mkono.

"Keti, mama. Nitasema mimi."

"Mwanangu, bwana huyu asikia Kiswahili."

"Mwenye Kiingereza husikizwa zaidi."

Akaketi. Lote lililofuata lilizaliwa hapo.

"Sa," nikaanza, kifua mbele, "petisheni. Mama posesheni. Babu rilesheni."

Mzungu akainua kichwa, uso umemfurahi, akanijibu kwa Kiingereza, mengi na ya mbio, wala sikusikia hata moja lenye mkia. Nikasema, "Yesi." Akauliza tena. "Yesi, sa. Eksplanesheni." Abdalla Karani akajiziba uso kwa daftari. Nami badala ya kunyamaza nikamwaga yote niliyokumbuka, moja juu ya jingine, hata salvesheni niliyoiruka ikanitoka.

"Jamani, mwopoeni huyo, anazama!" akapaza mtu nyuma, na mji wangu, watu walioninyoa nywele za utotoni, wakacheka mpaka hema likatikisika.

Mzungu akaweka kalamu chini, akasema kwa Kiswahili safi kama aliyezaliwa Mvita, "Basi, kijana. Mama, wewe una neno? Una mashahidi?"

Mzee Kombo akaanza kujiinua kwa bakora yake. Mama akanitazama. Nilikuwa nimelowa jasho kanzu imenigandia mgongoni, na kwetu mama hamvui mwanawe nguo mbele za watu. Kama angesema yeye sasa, angeutangazia mji kwamba mwanawe hakusema kitu. Akajitanda leso yake, akasema polepole:

"Bwana, mwanangu ameshasema. Sina la kuzidisha."

Mzee Kombo akaketi. Mwenye dai akishafunga maneno, shahidi hamfungulii. Abdalla alilijua lile dai, angemnong'oneza bwana wake neno moja tu, lakini alikuwa anapangusa machozi ya kicheko. Masudi akasimama, akasema Kiswahili kifupi, shamba likawa lake.

Njiani nikamuuliza, "Mama, mbona hukusema?"

"Wangekucheka zaidi."

"Lakini shamba, mama!"

"Minazi ilikuwa mingi," akasema. "Mwana ninaye mmoja."

Masudi akazungusha ua wa miiba. Kila Alhamisi mama alikwenda kubisha hodi kwake aombe ruhusa ya kuwasomea wazee wake Yasini, siku nyingine akifunguliwa, siku nyingine akiambiwa bwana hayuko, naye yuko, twamsikia akikohoa. Mwaka wa tatu mama akaugua. Siku moja kitandani akaniuliza, "Lile la milki wasemaje?"

"Posesheni, mama."

Akalirudia, na kinywani mwake lilikuwa zuri kuliko kwangu. "Ungelisema hilo moja," akasema, "kisha ukaniacha." Tulimzika makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua, maana Masudi alikataa asilazwe kwa babake.

Karatasi ya Yohana niliichoma. Maneno ya mkia ule siyatamki tena, hata nikienda Mariakani huwaambia watu nashukia pale gari la moshi lisimamapo, wakicheka wacheke. Na nikimwona mtu anainuka kudai haki yake, awe bibi kizee, awe na kigugumizi, mikono yangu naikalia, isije ikamketisha.