Ruhusa ya Bwana Haugen

Myrna Dombrowski alisonya hata kabla hajakigusa. Chini ya nguzo ya taa, kwenye uwanja wa magari wa duka kubwa la vyakula, palikuwa na kichupa cha dawa, na ndani yake karatasi iliyolowa mpaka ikawa uji wa kijivu. Kilinuka soksi. Kifuniko kilikuwa na ufa, na mtu mzima mwenye akili zake alikuwa ameuziba kwa ubani aliokwisha kuutafuna. Myrna alikirudisha kwa ncha za vidole, akaingia garini, akajipangusa mikono mpaka ikawa myekundu.

"Gordy Pelke," alisema peke yake. "Mchafu we."

Mchezo wenyewe hauna uchafu. Mmoja anaficha kisanduku na kutangaza mahali kwa nambari za setilaiti. Wengine wanakuja na simu zao, wanatafuta, wakipata wanaandika majina kwenye karatasi iliyomo na kukiacha palepale. Asiyecheza huitwa mtu wa nje, na mtu wa nje hatakiwi kujua kitu. Akikutazama, unajifanya unafunga kamba za viatu. Halafu kuna sheria nyingine, ambayo wengi huitemea mate: ukitaka kuficha kwenye mali ya mtu, umwombe. Kisanduku hakitangazwi mpaka umweleze mhakiki, mtu anayejiita Korongo ambaye hakuna aliyewahi kumwona, ni nani aliyekuruhusu.

Gordy Pelke alikuwa amejaza vichupa chini ya nguzo za taa za mji mzima wa Brunner Falls, na hakuwahi kumwomba hata paka. Kila mara alimwandikia Korongo "meneja karuhusu", akalala usingizi wake. Myrna hakuweza. Maisha yake ya kazi yote aliosha mapipa ya maziwa katika kiwanda cha jibini, na kwake uongo na ukungu vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Alivisikia harufu vyote viwili kabla ya wengine, na vyote viwili vilimtia kichefuchefu.

Safari hii, hata hivyo, haikuwa juu ya usafi wake. Ilikuwa juu ya Ardis Thorsrud.

Ardis alikuwa mwenzake katika mchezo tangu wote wawili wastaafu. Walijiita Kunguru Wawili. Myrna aliendesha gari na kulalamika. Ardis aliingiza mkono kwenye shimo la mti bila kuchungulia na kutoa kisanduku huku akicheka. Msimu wa kuwinda kulungu uliopita, kisukari kilimla mguu, ukakatwa juu ya goti. Tangu hapo hakutoka nje. Myrna alipomtembelea alikuta mapazia yamefungwa, mabakuli ya nafaka yamegandiwa na maziwa, na hewa nzito ya chumba kisichofunguliwa. Alikunja pua, kisha akaona haya, maana aliyekuwa akinuka ni Ardis.

"Mchezo umekwisha, mwenzangu," Ardis alisema. "Niachie kiti changu na televisheni yangu."

"Nikikuwekea kisanduku unachoweza kukifikia mwenyewe, bila mtu kukusukuma, utatoka?"

"Mwenyewe kabisa?"

"Mwenyewe. Mimi sitakuja hata kuchungulia."

Ardis alikitazama kisiki cha mguu wake. "Haya. Kikiwepo, nitatoka."

Lakini theluji ilikuwa ndiyo kwanza inayeyuka, na njia za msituni zilikuwa tope tupu. Kutoka mlangoni kwa Ardis, lami iliyonyooka ilikwenda sehemu moja tu, kwenye safu ya maduka ya barabara kuu. Na kila inchi ya safu ile ilikuwa na mwenyewe.

Alianza na duka la vyakula. Meneja alikuwa kijana mwenye meno mengi. "Swali zuri sana, mama!" alisema, akampa anwani ya makao makuu. Makao makuu wakajibu kwamba wanamthamini mno, ila ardhi si yao. Wenye ardhi, kampuni moja ya Texas, wakataka akikatie kisanduku bima. Bima ya kisanduku kinachoenea kiganjani! Myrna aliisoma ile barua akahisi kama amelambwa na mtu asiyemjua.

Akaenda kwenye mgahawa wa hambaga. Huko walikubali upesi, mradi akiweke nyuma, karibu na pipa la mafuta machafu. Alikwenda kupaona. Mafuta yalikuwa yamemwagika miezi na miezi, yakaganda kuwa zulia la kahawia, na juu yake panya alikuwa amekufa akiwa amenasa kwa tumbo. Myrna alimwazia Ardis akipita hapo, magurudumu yakiteleza, mikono yake ikiyashika. Alishika ukuta akatapika kidogo, kisha akakerwa na matapishi yake mwenyewe.

Ijumaa ile, wakila samaki wa kukaanga kwenye baa kama mji mzima unavyokula, Gordy alimcheka mdomo umejaa.

"Bi Myrna, hilo jambo la kukonda? Mwandikie Korongo umeruhusiwa, basi. Nani atakuja kuuliza?"

"Funga mdomo utafune, naona kabichi mpaka kwenye koo."

"Utaingia kaburini ukiomba ruhusa, wewe."

"Na wewe utaozea duniani, kama vichupa vyako."

Likabaki duka la pembejeo la Haugen, ambalo Myrna alikuwa akilikwepa kwa sababu ya Haugen. Lyle Haugen aliuza mbegu, chakula cha ng'ombe, misumari na buti, na alikaa nyuma ya kaunta na ugoro kwenye mdomo wa chini tangu asubuhi mpaka kufunga. Mate alitemea kwenye kikombe cha karatasi. Kikombe kilikaa juu ya kaunta, karibu na chenji za wateja, na mara kwa mara uzi mrefu wa kahawia ulining'inia kati yake na kidevu cha mwenyewe, usitake kukatika. Myrna alieleza shida yake huku akitazama rafu ya kamba.

Haugen alisikiliza mpaka mwisho. Akatema.

"Thorsrud ndiye aliyekuwa akinunua mbegu za ndege?"

"Ndiye."

"Sijamwona siku nyingi. Haya, weka. Mwenye duka ni mimi, mwenye ardhi ni mimi, hakuna wa kumpigia simu. Mahali ni wapi?"

Hapo ndipo Myrna alipokosea, na kosa lile halikosewi na mtu yeyote ila wa mchezo ule. Miaka yote alikuwa amefunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Alikuwa amewadanganya watu wa nje kwamba anatafuta pete, mbwa, hata mume. Mbele yake sasa palikuwa na mtu wa nje, na tena mwenye mate ya kahawia kidevuni.

"Nje," alisema. "Mbele ya duka."

"Mbele ya duka wapi? Niwaambie wafanyakazi wangu."

"Mahali hapatajwi, Bwana Haugen. Pakitajwa, si mchezo tena."

Haugen alimtazama kama anayemtazama ng'ombe aliyekataa kushuka garini. "Kwa hiyo naruhusu nisichokijua."

"Ndivyo unavyochezwa."

"Haya, bibi. Zenu hizo." Akatema tena, na Myrna akatoka mbio kutafuta hewa.

Alikificha alfajiri. Nje ya mlango wa duka palikuwa na benchi jeusi la chuma, la wavutaji sigara, na kiti cha magurudumu kingeweza kulikaribia ubavu kwa ubavu. Alichukua kisanduku cha bati chenye sumaku, akakipaka rangi nyeusi ile ile, akaifunika kwa rangi hata lebo inayosema kwamba hiki ni kitu cha mchezo, maana lebo ingekiumbua. Akakibandika chini ya kiti cha benchi. Kazi safi, alijisifu. Kando ya benchi palisimama kizimba cha mitungi ya gesi inayouzwa, imepangwa mpaka usawa wa kichwa. Yeye aliona benchi tu.

Korongo akaridhika, kisanduku kikatangazwa Jumamosi asubuhi. Myrna alitimiza ahadi, akabaki nyumbani akisugua jiko lisilo na doa. Simu ikalia. Ni Gordy, aliyekuwa amekimbilia dukani ili awe wa kwanza kukipata.

"Bi Myrna, njoo upesi. Mwenzako amezingirwa na polisi."

Njiani, simu ikiwa sikioni, ndipo alipoelezwa kilichotokea, na Gordy safari hii hakucheka. Ardis alikuwa amefika peke yake, magurudumu yake mwenyewe, mikono yake mwenyewe. Aliingiza mkono chini ya benchi akakipata mara moja. Mara akamwona Twyla, mwanamke wa kwenye mashine ya malipo, akimtazama kupitia kioo. Ardis akafanya kama kila mchezaji anavyofanya: akakirudisha haraka, akageuza uso, akajifanya anatazama mifuko ya mbolea, akaanza kusogea taratibu. Naye Twyla, maskini, aliona kikongwe akibandika kidude cheusi kando ya mitungi ya gesi na kuondoka bila kugeuka. Angefanya nini?

Myrna alipofika, wote waliokuwamo dukani walikuwa wametolewa nje. Wateja walisimama ng'ambo ya barabara wakipiga picha. Ardis alikuwa katikati ya lami, blanketi limevutwa, kisiki kiko wazi kwenye baridi. Askari wa kaunti alikuwa ameumwaga mkoba wake chini kuukagua. Sindano za insulini. Sandwichi ya jibini. Nepi ya mtu mzima, imekunjwa vizuri, na upepo ulikuwa ukiikunjua mbele ya mji mzima. Mtu mmoja ng'ambo alicheka.

Myrna alipita kwenye utepe wa polisi kama haupo. Aliiokota ile nepi, akaitia kifuani ndani ya koti lake.

"Ni kisanduku cha mchezo!" alimpigia kelele askari. "Ni changu! Niliomba ruhusa!"

"Kwa nani?"

"Kwangu," alisema Haugen. Alikuwa ametoka na kikombe chake mkononi. "Ruhusa nilitoa. Mahali nilipauliza, nikanyimwa."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma. Askari alimgeukia Myrna. Haugen akamgeukia. Ardis naye akainua macho, na machoni mwake hamkuwa na kicheko wala hasira, ila swali tu.

"Hukumwambia?" Ardis aliuliza. "Mwenye mali?"

Nyani haoni kundule. Myrna aliwacheka akina Gordy kwa kuiba ruhusa, naye alipewa mkononi akaitumia nusu, kwa sababu aliyempa alimtia kinyaa. Alijisikia harufu mwenyewe.

Askari alikitoa kisanduku kwa mpini wa fagio. Ndani mlikuwa na karatasi, penseli na bata mdogo wa mpira. Watu wakaangua kicheko, wakarudi dukani, kwa kuwa mbolea ilikuwa na punguzo. Ardis alitaka kurudishwa nyumbani, na njia nzima hakumsemesha Myrna. Mlangoni alisema neno moja tu. "Nilikuwa nimekishika." Akafunga.

Pangeishia hapo kama si Haugen. Jumatatu mtu huyo alikwenda kugonga mlango wa Ardis, kikombe mkononi. Myrna aliyajua baadaye, kutoka kwa Ardis mwenyewe.

"Mama Thorsrud," alimwambia, "ulikuja kutafuta kitu kwangu ukazuiwa. Bado kipo. Ila mahali nimechagua mimi, na Twyla anapajua. Kahawa ya bure."

Ardis alikwenda. Alipekua duka lile asubuhi nzima, wakulima wakimtania kila alipokaribia na kila alipopotea, Twyla akijiziba mdomo kwa kicheko. Alipokipata alipiga ukelele uliosikika mpaka kwenye maghala. Kesho yake alirudi, japo hapakuwa na cha kutafuta. Na keshokutwa. Sasa ana pembe yake kando ya kaunta, anauza mbegu za ndege Haugen anapokwenda chooni, na ukimpigia simu nyumbani asubuhi humpati.

Karatasi ya kisanduku ilipojaa, Myrna ilimbidi aende kuibadilisha. Alinunua glavu mpya. Ardis alikuwa pale na kikombe chake cha kahawa, na mbele yake, pua kwa pua, kikombe kile kingine, kimejaa nusu, kina povu. Hakikuelekea kumsumbua hata kidogo. Myrna alizuia pumzi, akainama kuelekea chini ya kaunta.

"We!" Ardis alimkatiza. "Umemwomba mwenyewe?"

Wakulima waligeuka. Twyla akaacha kuhesabu misumari. Myrna alisimama wima, akavua glavu, akamtazama Haugen usoni kwa mara ya kwanza tangu amjue, ugoro, uzi wa mate na yote.

"Bwana Haugen, naomba ruhusa kubadilisha karatasi."

Haugen akatema. "Mahali ni wapi?"

Myrna hakuangalia pembeni.

"Chini ya kaunta yako," Myrna alisema kwa sauti, mbele ya watu wote wa nje waliokuwamo, "upande wa kulia, kwenye kopo lako tupu la ugoro."

"Haya," Haugen alisema. "Chukua."